Nilimsikia Akianguka: Somo Kuhusu Mbio za Baiskeli na Amri ya Tano



Wapendwa, wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa VIWAWA alinitumia ujumbe mfupi: "Frateri, ukimwangusha mwenzako kwenye mbio za baiskeli, ile ni dhambi au ni mchezo tu?" Nilianza kumjibu pale pale. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Mwisho nikamwambia anisubiri, nitaandika somo zima. Kuna sababu iliyonifanya nishindwe kumjibu haraka, na nitaieleza hapa mwanzoni, usije ukadhani nazungumza nikiwa nimekaa juu ya mnazi huku nawaangalia wengine wanaoanguka chini.

Barabara ya Utende

Mimi nimekulia kisiwani Mafia. Baba alihamishiwa Kilindoni kikazi nikiwa darasa la tatu, na tangu hapo ndiko nyumbani. Sisi Wakatoliki kule ni wachache, kwa hiyo marafiki zangu wengi ni Waislamu, na huyu nitakayemsimulia ni mmoja wao. Nitamwita "rafiki yangu" tu. Amenipa ruhusa niandike, ila jina alisema niliache.

Anayeijua Mafia anajua kwamba kisiwa ni tambarare. Hakuna mteremko wa maana wa kukutisha. Baiskeli ndiyo punda wetu: inabeba samaki, nazi, madumu ya maji, mwanafunzi, hata mgonjwa. Barabara ya kutoka Kilindoni hadi Utende, kule kwenye Ghuba ya Chole wanakofikia wageni wa kupiga mbizi, ina kama kilomita 14. Zamani ilikuwa ya vumbi na mchanga. Mkishindana mkaanguka, mnajikung'uta huku mnacheka. Ilipowekwa lami mambo yakabadilika. Mwendo ulikuja, breki zetu zikabaki zile zile.

Nikiwa na miaka 19, nasubiri matokeo ya kidato cha sita, vijana wa mtaani waliandaa mbio: Kilindoni hadi Utende, geuka, rudi. Hakukuwa na chama, hakuna askari aliyeambiwa, hakuna aliyefunga barabara. Tulikuwa kama ishirini hivi. Wengine walikuwa na Phoenix za baba zao zenye breki za vyuma, wengine baiskeli za gia za mtumba kutoka Dar. Helmeti ilikuwa moja tu, na aliyeivaa tulimcheka njia nzima. Zawadi ilikuwa elfu hamsini kwa wa kwanza, elfu ishirini kwa wa pili, elfu kumi kwa wa tatu.

Wakati wa kurudi kundi lilikuwa limekatika, mbele tumebaki watano. Nyumba za kwanza za Kilindoni zilipoanza kuonekana, wawili wakachomoka. Mimi nikawa wa tatu. Rafiki yangu alikuwa nyuma yangu, amejificha kwenye upepo wangu kwa kama dakika kumi. Nikasikia pumzi zake zinakuja upande wa kulia, nikajua anataka kunipita. Sikugeuka kuangalia. Nikahamia kulia ghafla ili nimfungie njia.

Kwa wasiojua mambo haya, naomba nieleze kidogo. Baiskeli haisimami kwa sababu wewe umekaa wima. Inasimama kwa sababu usukani unacheza kidogo kidogo muda wote: ukiinamia kushoto, gurudumu la mbele linafuata kushoto, unarudi katikati. Unafanya hivyo bila kujua. Sasa gurudumu lako la mbele likibanwa ubavuni na gurudumu la nyuma la mtu mwingine, usukani haugeuki tena, na huna kitu cha kukurudisha. Unakwenda chini, mara nyingi kwa bega. Na ubaya wenyewe ni kwamba yule wa mbele, aliyesababisha, mara nyingi haanguki. Anahisi mguso mdogo tu.

Nilihisi mguso mdogo. Kisha nikasikia mlio. Baiskeli ikiburuzika kwenye lami ina sauti yake, ukiisikia mara moja huisahau. Nikamsikia na yeye, "Aah!", basi. Miguu yangu haikuacha kukanyaga. Nikafika wa tatu, nikapokea elfu kumi yangu, nikapigwa picha.

Hakuna aliyetuhesabu. Ni muuza samaki mmoja ndiye aliyekuja baadaye akasema kuna kijana yuko pembeni ya barabara, mdomo umejaa damu. Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika, meno mawili ya mbele hayapo. Jioni nilikwenda kwao, maana nisipokwenda ningeshtukiwa. Mama yake akaniuliza mlangoni, "Mwanangu, wewe si ulikuwa naye? Hukumwona alivyoanguka?" Nikamjibu, "Sikumwona, mama."

Neno kwa neno ilikuwa kweli. Sikumwona, nilimsikia. Baadaye, kwenye darasa la maadili, mwalimu alifundisha kwamba ukichagua maneno ya kweli kwa nia ya kumfanya mtu aamini uongo, umesema uongo. Darasa zima likaandika kwenye madaftari. Mimi nilikuwa naangalia dirishani.

Sasa, ni dhambi au ni mchezo?

Mtakatifu Thoma wa Akwino hakuwahi kuona baiskeli, aliishi karne ya 13. Lakini kwenye Summa, anapozungumzia kuua bila kukusudia, anauliza swali letu hili hili kwa maneno mengine. Jibu lake, kwa kifupi: mtu akifanya jambo halali, tena kwa uangalifu unaotakiwa, na mwenzake akaumia au akafa, hana hatia. Lakini akifanya jambo lisilo halali, au jambo halali bila uangalifu unaotakiwa, hawezi kukwepa hatia kwa kusema tu "sikukusudia".

Angalia vizuri, rafiki yangu, mahali alipoweka uzito. Kukimbiza baiskeli ni jambo halali. Kwa hiyo swali lote linabaki kwenye uangalifu. Ukipasukiwa tairi ukamwangukia mwenzako, hiyo ni ajali. Mbuzi akikatiza mbele yako pale Utende (na mbuzi wa Utende hawana breki), hiyo pia ni ajali, ingawa mtu anaweza kukuuliza kwa nini ulikuwa unakimbia hivyo mahali ambapo kila siku mbuzi wanakatiza. Ila kumfungia mtu njia kwa mwendo ule bila kugeuza shingo, ile si ajali. Mimi nilichagua. Sikuchagua avunjike mfupa, hapana. Nilichagua kwamba akivunjika, na avunjike.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki iko wazi zaidi kuliko wengi tunavyodhani. Namba 2290, inapozungumzia kiasi, inawataja wale ambao kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kupita kiasi wanahatarisha usalama wao na wa wengine barabarani, baharini na angani, na inasema hatia yao ni nzito. Namba 2269, chini ya Amri ya Tano, inakataza kumweka mtu kwenye hatari ya kifo bila sababu nzito, na katika sentensi hiyo hiyo inakataza kumnyima msaada aliye hatarini. Hayo ni makosa mawili. Mimi niliyafanya yote mawili ndani ya sekunde tano, na kwa muda mrefu nilikuwa naliona lile la kwanza tu. Kwa kweli hili la pili ndilo zito zaidi kwangu. Kumwangusha naweza kusema damu ilikuwa imechemka. Lakini baada ya mlio ule kulikuwa bado na barabara ndefu mbele, na kila nilipokanyaga pedeli nilikuwa nachagua upya.

Fungua Luka 10, habari ya Msamaria. Tumeizoea mno. Kuhani na Mlawi walimwona yule mtu wakapita upande mwingine, nasi tunawasema kila mwaka. Lakini hao angalau hawakuwa wao waliomjeruhi.

"Imeshapangwa"

Wiki ile mtaani kila mtu alisema, "Imeshapangwa." Wengine, "Kazi ya Mungu." Waislamu walisema, Wakristo tulisema, na mimi niliipokea kauli hiyo kwa mikono miwili kwa sababu ilinifaa. Kama Mungu ndiye aliyepanga, basi mimi sipo kwenye habari hii.

Sina nia ya kuwacheka wanaosema hivyo msibani. Kumkabidhi Mungu maumivu yasiyoeleweka ni imani. Lakini kumkabidhi Mungu uzembe wangu ni kitu kingine kabisa, ni kumsingizia. Imani yetu inafundisha kwamba Mungu anaongoza ulimwengu kwa kutumia pia viumbe wake, na ametupa sisi heshima ya kuwa visababishi wa kweli. Mkono wangu ni mkono wangu. Thoma ana mfano ambao mtu wa kisiwani hahitaji kuelezwa mara mbili: chombo kikizama kwa sababu nahodha ameacha kushika usukani, kuzama kule kunahesabiwa kuwa ni kwake, hata kama hakufanya lolote. Ila anaongeza masharti mawili, kwamba awe aliweza kuushika, na awe ndiye aliyekabidhiwa. Sasa wewe ukiwa juu ya baiskeli, nani mwingine amekabidhiwa usukani wako?

Na hapa kuna jambo la rozari. Siku ile nilikuwa nimefunga rozari kwenye usukani. Sikuisali, niliifunga tu. Wenzangu wawili walikuwa wamevaa hirizi mkononi, nami kimoyomoyo niliwaona washirikina. Leo nikipima, sioni tulitofautiana wapi. Medali ya Mtakatifu Kristofa si breki. Katika Luka 4, Ibilisi anamweka Yesu juu ya kinara cha hekalu na kumwambia ajitupe chini, akimtajia hata Maandiko kwamba malaika watamdaka. Bwana alikataa kwa sababu kumjaribu Mungu si kumwamini. Anayeingia kwenye kona ya mchanga kwa kasi yote huku amefanya ishara ya msalaba anarudia pendekezo lile lile la pale juu ya kinara, sema yeye analikubali.

Ujasiri na kukurupuka

Kijana aliyeniuliza swali aliongeza: "Lakini frateri, ukiogopa huwezi kushinda." Ni kweli. Wahenga wanasema mwenda pole hajikwai, nanyi mtaniambia kwamba pia hafiki wa kwanza. Sikatai.

Aristotle, kwenye kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako, anaweka ujasiri katikati. Upande mmoja kuna mwoga, upande mwingine kuna mtu asiyejali hatari. Tunachosahau ni anavyomweleza huyu wa pili: anasema mara nyingi ni mwenye kujionyesha, anaigiza ujasiri, na hatari yenyewe ikifika ndipo anarudi nyuma. Nikisoma hapo nilifunga kitabu. Mimi niliyekuwa simba wa kumfungia mtu njia, nilishindwa kugeuka na kumwangalia mtu aliyelala chini. Kwa kipimo cha Aristotle sikuwa jasiri kupita kiasi. Nilikuwa mwoga mwenye miguu yenye nguvu.

Thoma anaendelea pale mwenzake alipoishia. Kati ya makosa yanayopingana na fadhila ya busara anataja moja ambalo kwa Kiswahili naliita kukurupuka. Na mfano wake ni wa mwili kabisa: ni kama mtu anayetakiwa kushuka kutoka juu kwa ngazi, hatua kwa hatua, yeye anaporomoka tu. Roho nayo ina ngazi zake kati ya kufikiri na kutenda: kukumbuka yaliyopita, kuelewa yaliyopo, kuona yanayoweza kufuata, kupima jambo moja na jingine, na kukubali kufundishwa na wengine.

Weka ngazi hizo juu ya baiskeli uone. Yaliyopita: mwezi uliotangulia mwenzetu alikuwa ameanguka kwenye mbio kwa namna ile ile, tukamcheka, hatukujifunza. Yaliyopo: mtu mwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa anakwenda mita 11 kila sekunde. Hata ukiwa mwepesi, macho kuona na vidole kukamata breki vinataka zaidi ya nusu sekunde, maana yake umeshasogea zaidi ya mita tano kabla breki haijagusa ringi. Aliye nyuma yako kwenye upepo amekaribia kiasi cha mkono mmoja, kwa hiyo hana hizo mita tano. Amekukabidhi maisha yake, yaani. Yanayofuata: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga inaongezeka mara nne, si mara mbili. Kutoka 20 kwenda 40 unajiona umekazana kidogo tu, lakini mwili wako ukigonga chini utalipa mara nne. Na ngazi ya mwisho, kufundishika: yule mwenye helmeti alitufundisha, tukamzomea.

Wapo watakaosema kwenye mbio hakuna muda wa kushuka ngazi zote hizo. Kweli kabisa, hakuna. Ndiyo maana busara ni fadhila, ni mazoea ambayo yanatakiwa yawe yamejengwa kabla. Mkono uliozoea kukaa kwenye njia yake hautafuti njia ya mwenzake hata damu ikichemka.

Walioanguka kabla yetu

Tusidhani haya ni ya wasiojua tu. Wengi mnamkumbuka Suleiman Kangangi wa Kenya, nahodha wa timu ya Amani. Mwaka 2017 alimaliza wa tatu kwenye Tour of Rwanda, na miaka yake ya mwisho aliitumia kuwafungulia njia vijana wa Afrika Mashariki. Tarehe 27 Agosti 2022, kwenye mbio za barabara za changarawe ziitwazo Vermont Overland huko Marekani, alianguka akiwa kwenye mwendo mkubwa akafariki. Alikuwa na miaka 33. Sisemi alikosea, na sitaki mtu amhukumu marehemu. Ninasema hivi: yule alikuwa mtaalamu, ana baiskeli nzuri na helmeti kichwani. Wewe na mimi tuna Phoenix.

Mwaka 2024, kwenye mashindano ya dunia ya Zurich, binti wa Uswisi mwenye miaka 18, Muriel Furrer, alianguka msituni siku ya mvua, mbio zikaendelea. Alikaa pale muda mrefu kabla hajapatikana, na kesho yake akafariki. Dunia nzima ya baiskeli iliuliza inawezekanaje. Mwaka uliofuata, mashindano hayo yalipokuja Kigali, mara ya kwanza Afrika, waendeshaji walifungiwa vifaa vinavyoonyesha kila mmoja yuko wapi. Niliposoma habari za binti huyu nilikuwa seminarini, na sitaficha, nilitoka nje nikakaa. Mimi nilijua rafiki yangu yuko wapi bila kifaa chochote.

Kuna habari nyingine ambayo Wakatoliki hasa tunapaswa kuijua. Juni 1936 Mwitaliano Gino Bartali alikuwa ametoka tu kushinda Giro d'Italia. Siku chache baadaye mdogo wake Giulio, naye mwendesha baiskeli, alipata ajali kwenye mashindano ya ridhaa akafariki. Gino alitaka kuiacha baiskeli moja kwa moja. Baadaye alirudi, akashinda Tour de France mwaka 1938, akaishinda tena 1948, miaka kumi baadaye. Katikati ya hapo kulikuwa na vita, na huyu Mkarmeli wa Utawa wa Tatu alikuwa akificha nyaraka bandia ndani ya bomba la baiskeli yake na kuzisafirisha kama anafanya mazoezi, ili Wayahudi waliokuwa wakiwindwa wapone. Hakumwambia karibu mtu yeyote. Alifariki mwaka 2000, na ilipofika 2013 ndipo Yad Vashem ikamtaja rasmi kati ya Wenye Haki wa Mataifa. Nikimfikiria Bartali naona miguu ile ile, baiskeli ile ile, mwendo ule ule. Tofauti ni kwamba yeye alijua anakanyaga kwa ajili ya nani.

Kanisa nalo halikuikimbia baiskeli. Kwenye kilima cha Ghisallo, juu ya Ziwa Como, kuna kikanisa kidogo cha Bikira Maria. Tarehe 13 Oktoba 1949 Papa Pius XII alimtangaza Mama wa Ghisallo kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Ndani yake kuna jezi na baiskeli za mabingwa, na ipo pia ile ya Fabio Casartelli, bingwa wa Olimpiki wa 1992, aliyefariki kwenye Tour de France ya 1995 baada ya kuanguka mteremkoni bila helmeti. Helmeti zilikuja kuwa lazima kwa wakimbiaji wa kulipwa mwaka 2003, baada ya kifo cha mwingine, Andrei Kivilev. Fikiria, mabingwa wa dunia nao walihitaji misiba ndipo wakubali kofia. Kwa hiyo ukimcheka mwenzako mwenye helmeti, angalau ujue unacheka kitu gani.

Kwa mnaotaka kushindana

Paulo anamwandikia Timotheo kwamba mshindani hapewi taji asipofuata sheria za mchezo. Nisingekuwa na shida na mbio za Kilindoni kama zingekuwa na sheria. Kwanza mwoneni mtendaji na askari wa usalama barabarani, barabara isimamiwe hata kwa saa moja ya asubuhi, kabla bajaji na pikipiki hazijaanza. Hesabuni watu wanaoanza, na mhesabu wanaofika. Akipungua mmoja, zawadi zisubiri hadi apatikane. Pikipiki moja ikae nyuma ya wa mwisho. Breki zikaguliwe mstarini, na asiye na breki asianze, hata akiwa mtoto wa mwandaaji. Makumbi ya nazi na mchanga vifagiliwe kwenye kona. Mita mia mbili za mwisho kila mtu abaki kwenye mstari wake, na anayemfungia mwenzake njia aondolewe kwenye matokeo hapo hapo, bila kujadiliana. Na mkiwa kwenye kundi, semeni: "Shimo!" "Gari!" "Nakuja kulia!" Mdomo ni kifaa cha usalama ambacho hakiuzwi.

Na mtu akianguka, aliye karibu naye asimame. Usimwinue kwa kumvuta bega, usimtoe helmeti kwa pupa, zuia magari, ita watu. Kama ni wewe uliyemwangusha, wewe ndiye wa kwanza kusimama.

Malipizi

Niliungama baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa, kwenye mafungo. Nilieleza yote, na nilitegemea kusikia sala chache za malipizi. Padre alikaa kimya, kisha akaniuliza, "Umeshakwenda kwa mama yake?" Nikasema bado. Akaniondolea dhambi, lakini akanikumbusha kile ambacho Katekisimu inakisema kwenye namba 1459: maondoleo yanafuta dhambi, ila madhara yaliyotokana nayo hayajirekebishi yenyewe. Aliyeiba arudishe. Aliyejeruhi afidie.

Likizo ilipofika nilivuka kutoka Nyamisati na boti ya asubuhi. Njia nzima nilikuwa natunga hotuba. Nilipofika mlangoni hotuba yote ilikimbia, nikasema tu, "Mama, mimi ndiye niliyemwangusha, na nilimsikia." Mama yule alikuwa anasukuma chapati. Hakuinua macho. Akasema, "Nilijua siku ile ile, watoto walikuona. Nilikuwa nakungoja wewe." Kisha akanipa kibao nikae.

Likizo ile yote nilifua nazi. Asiyewahi kukaa mbele ya kifuo kutwa nzima hajui mikono inavyokuwa. Fedha zile, pamoja na elfu kumi ya wa tatu ambayo sikuwahi kuitumia kwa amani, zilikwenda kwa mama kama fidia ya gharama za hospitali. Hazikutosha, nikamalizia likizo iliyofuata. Kuna ambayo fedha haikuweza. Rafiki yangu alikuwa mtu wa boti za dagaa, na bega liliunga vibaya, hawezi tena kuvuta nyavu usiku kucha. Aliniambia alinichukia kwa kama miezi sita, baadaye akachoka. Hatuko kama zamani. Tunasalimiana, tunakula pamoja Idi na Krismasi, na kuna mambo hatuongelei.

Siku hizi yeye ni fundi baiskeli pale mtaani, na mkono wake ni mzuri. Mwezi ujao vijana wameandaa mbio tena, Kilindoni hadi Utende na kurudi. Safari hii askari ameshaambiwa. Rafiki yangu ndiye atakayekagua breki mstarini, na amesema ataanza na baiskeli za wale wanaojiona. Mimi nimepewa daftari la kuhesabu watu.

Kwa wale wa jumuiya na vikundi vya vijana mtakaolitumia somo hili: someni Luka 10:25-37 kwanza, kisha kila mmoja ajiulize kimya kimya ni nani aliwahi kumsikia akianguka. Halafu ongeeni.

Frateri wenu.